Zamu ya Dada

Katika kiwanda kile cha kufua mashuka ya hospitali na hoteli, chumba cha kukunja ndicho kilichokuwa na sifa mbaya kuliko vyote. Sifa yenyewe ilikuwa kwamba wanawake wa humo, pamoja na mwanamume mmoja, walikuwa wakisoma vitabu saa za kazi.

Walikuwa wakisoma kweli, hakuna cha kuficha. Kukunja shuka ni kazi ya mikono. Masikio yanabaki hayana shughuli, na masikio yasiyo na shughuli hujaa ngurumo za mashine za chumba cha pili mpaka mtu akifika nyumbani anamsalimia mumewe kwa kelele kama anagombana naye. Kwa hiyo wakunjaji walikubaliana kwamba mmoja wao asimame karibu na dirisha asome kwa sauti, na wenzake wamkunjie fungu lake. Msomaji akawa yule mwanamume, nao walimwita Redio. Aliwahi kuwa mwalimu, mpaka shule ilipomfukuza kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa na sauti ya kupenya mvuke. Mikono yake sasa! Shuka alilolikunja Redio ungedhani limelaliwa na mbuzi. Kumtoa mezani na kumshikisha kitabu ilikuwa heri kwa kila mtu, wagonjwa wakiwemo.

Kwenye meza ya katikati walikunja ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa aliitwa Dada na chumba kizima, hata na waliomzidi umri, kwa jinsi alivyokuwa mpole na mwenye kusikiliza. Mdogo walimwita Kiberiti. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, maana ukikaa naye dakika moja unajua. Walikuwa wameshika ncha za shuka moja tangu wangali wasichana, na walikuwa hawahitaji kuambiana vuta wala legeza.

Sasa, msimamizi wa mwisho wa chumba hicho aliondoka kwa ugonjwa wa mgongo, ugonjwa wa ajabu kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukaa. Ofisi ya juu haikuleta mwingine. Labda ilisahau, labda ilikuwa inabana matumizi. Wakunjaji wakangoja wiki ya kwanza, wakangoja ya pili, kisha wakaacha kungoja. Wakapanga zamu. Kila wiki mmoja wao alipanda ngazi kwenda ofisini kusikiliza malalamiko na kudai sabuni ya mikono, akashuka na habari. Basi. Mwenye zamu hakuwa na neno zito kuliko la mwenzake, alikuwa na miguu iliyochoka zaidi tu. Mambo mengine yote waliyazungumza pale pale juu ya meza. Mwenye mtoto mgonjwa alisema, "Jamani, naondoka," na mafungu yake yakagawanywa. Mwenye uvivu aliimbiwa mpaka akaona aibu. Na kazi haikulala hata siku moja. Tena hoteli zilizozoea kulalamika zikaacha kulalamika. Mambo yakaenda hivyo mwezi baada ya mwezi, mwaka ukapita, na hakuna aliyeona kwamba ni jambo la kupewa jina.

Redio ndiye aliyelipa jina, kwa kuwa Redio hakuweza kuona kitu akakiacha kilivyo. Siku hizo alikuwa anasoma vitabu viwili kwa kupokezana. Kimoja kilikuwa kinene, cha historia ya watu weusi waliovunja minyororo yao wenyewe bila kungoja kufunguliwa. Kingine kilikuwa chembamba, hata jalada hakina, kimeandikwa na watu wa nchi za baridi waliosema kwamba ubaya haumo katika huyu mtawala au yule, ubaya umo katika kutawaliwa kwenyewe.

"Jamani," akasema siku moja, akakifunga kile chembamba kidole kikiwa ndani, "haya ya humu ndiyo tunayofanya sisi."

"Sisi tunakunja mashuka," akasema Mama Mapacha. Huyu alikuwa mama wa makamo, mwepesi wa mikono kuliko wote, na hakuna hoja iliyowahi kupita mbele yake bila kulipa ushuru. "Halafu nikuulize, hao waandishi wako, babu zao walipigwa mnada?"

"Hawakupigwa."

"Ndiyo maana wanaongea kwa raha. Wanasema asiwepo bwana. Vizuri. Lakini bwana wao alifanana nao kama mtu na pacha wake, na nawajua mapacha mimi. Mtu kama huyo unaweza kumuudhi na kesho mkanywa chai pamoja. Bwana wetu sisi, hata tukimpenda, yeye hatutaki."

Chumba kikacheka. Ni kweli, wakunjaji wote, wafuaji wote na wabeba mizigo wote walikuwa weusi, na ofisi ya juu wote walikuwa weupe, na hilo halikuhitaji kitabu.

"Kwa hiyo unataka bwana anayefanana na wewe?" Kiberiti akauliza.

"Nataka nimjaribu, mwanangu. Nione kama naye atanikunjia pua nikipita."

Redio akachukua kile kinene, akatafuta ukurasa. Akawasomea habari za watumwa waliotoroka mashambani wakajenga kijiji chao msituni, wakapigana mpaka wenye mashamba wakachoka. Wenye mashamba walipochoka wakaomba mapatano, na kwa mapatano wakataka mtu mmoja wa kuzungumza naye, mkuu. Wakapewa. Mkuu akapewa joho na bunduki, naye akaweka ahadi kwamba mtumwa yeyote mpya atakayekimbilia msituni, kijiji kitamkamata na kumrudisha.

Mikono ikasimama mezani.

"Wakamrudisha nani?" akauliza Mama Mapacha.

"Watoro wenzao."

"Weusi?"

"Weusi, Mama Mapacha. Kitabu kinene kimeandika."

"Endelea na kile chembamba," akasema Mama Mapacha, akavuta shuka jingine.

Dada ndiye aliyeongeza neno. Alisema taratibu, huku akilinganisha pindo, kwamba huenda yule mkuu alikuwa na watoto wa kulisha, na kwamba ni rahisi kumhukumu mtu ukiwa na paa juu ya kichwa chako. Wakamwitikia kwa heshima. Alikuwa mtu wa kuwaonea watu huruma, hata wa vitabuni.

*

Meneja alishuka ngazi siku ya Ijumaa, leso puani, maana mvuke ulimsumbua. Wao waliokaa ndani yake kutwa inaonekana walizaliwa bila pua. Akasema kampuni inataka jina la mtu mmoja wa chumba hiki, kwa ajili ya mawasiliano.

"Mtu gani?" akauliza Kiberiti.

"Yeyote. Anayewasemea."

Wakatazamana, wakajibu kwa sauti moja jina la mwenye zamu. Wiki ile ilikuwa zamu ya Dada. Meneja akaandika, akashukuru, akapanda ngazi kwa haraka kukimbilia hewa.

Hapo ndipo walipokosea. Kosa lile lisingefanywa na watu wa chumba kingine chochote katika kiwanda kile, kwa sababu wengine wote walikuwa wanajua mabosi wakiomba jina wanaomba nini. Wakunjaji walishasahau. Walidhani wametoa jina la wiki ile, na wiki ijayo watatoa jingine.

Jumatatu Mama Mapacha alipanda ngazi, ilikuwa zamu yake, akashuka kabla shuka la kwanza halijakunjwa.

"Meneja anasema ana mtu wake tayari," akasema. "Anasema tumeshachagua."

"Tumechagua nini?"

"Ndicho nilichomuuliza. Akafunga mlango."

Kisha Dada akaitwa. Alikaa huko kitambo, na aliporudi alikuwa amebeba koti la kijivu la msimamizi kwenye mkono, kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani.

"Wamenipa," akasema. "Mimi sikuomba."

Na kweli hakuomba. Lakini hakulirudisha pia. Siku ya pili alilivaa, akaacha ncha zake mbili za shuka mezani, Kiberiti akapewa mwenzi mwingine wa kukunja naye, msichana aliyevuta kabla ya wakati.

Ikaja picha. Waliibandika kwenye lango kuu, Dada anatabasamu, na chini yake maneno makubwa kwamba huyu ndiye msimamizi wa kwanza mweusi katika historia ya kiwanda. Hebu fikiria. Kiwanda kimebebwa na weusi tangu tofali lake la kwanza, kimewachubua vidole mama na binti na mjukuu, halafu ndiyo kwanza kinagundua kwamba mmoja wao anaweza kusimama akawatazama wenzake wakifanya kazi. Na kilipogundua, kikataka kipongezwe! Kila mtu aliyepita langoni aliambiwa ajivunie. Kiberiti alipita langoni asubuhi na jioni, na kila mara aliitazama mpaka akaipita, kwa sababu ile sura aliipenda.

Nyumbani, Mama yao aliposikia habari ile, aliinuka. Alikuwa amepiga deki majumba ya watu tangu ujana wake, magoti yake yalilia akiinuka. Alimshika binti yake mkubwa mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaibusu. Kiberiti alikuwa amekuja na maneno yake yote yamejaa mdomoni, akayameza. Mtu atamnyang'anyaje mama yake furaha kama ile?

Walipobaki wawili jikoni ndipo alipoyatoa.

"Kwa nini hukumwambia zamu yako imekwisha?"

"Ningemwambia, angemleta mtu wa nje. Kiberiti, tuwe na akili. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Kwa hiyo kuliwa tumeshakubali. Tunachagua meno tu."

Dada akacheka. Kiberiti naye akacheka, Mungu amsamehe, kwa kuwa alikuwa bado anaamini kwamba wanataniana.

*

Mwanzoni Dada alikuwa msimamizi mwema, hilo lazima lisemwe. Redio aliendelea kusoma. Wenye watoto wagonjwa waliendelea kuondoka, ila sasa waliomba ruhusa, na Dada aliwapa kwa moyo mweupe, tena akawa anafurahi kuwapa. Kiberiti aliiona furaha ile ikamkera, na hakuweza kueleza kwa nini. Mwaka mzima watu walikuwa wanaondoka bila kumfurahisha mtu.

Kisha ofisi ya juu ikatoa amri kwamba kila mkunjaji awe na toroli lake, na msimamizi aandike jioni kila toroli lina mashuka mangapi. Zamani walijaza matoroli pamoja, na toroli likijaa linasukumwa. Hakuna aliyejua wala kutaka kujua shuka hili la nani na lile la nani. Sasa kila shuka likapata mwenyewe, na jioni ya kwanza toroli la Redio lilikuwa halina kitu.

Dada alimwita mdogo wake kwenye stoo ya sabuni.

"Mwambie akunje."

"Wewe unajua anavyokunja."

"Mwambie akunje, Kiberiti. Siwezi kuandika sifuri kila siku. Wataniuliza huyu mtu analipwa kwa kazi gani."

"Waambie kazi gani! Mpaka maneno uliyotusimulia kwamba ulimjibu Meneja siku ya koti, umeyatoa kwa Redio. Ulisema 'utu wa mfanyakazi'. Uliyasikia wapi, kwenye foronya?"

"Sishindani na wewe," Dada akasema, na kweli hakushindana, akarudi chumbani.

Redio alijaribu kukunja siku mbili. Chumba kilikuwa kimya, ngurumo za mashine zikarudi masikioni, na mashuka yake yakarudishwa na hospitali. Siku ya tatu wanawake walizungumza kwa macho, kisha kwa midomo. Mkono mmoja haulei mwana, na hakuna aliyehitaji kuulizwa. Kila mmoja atatupa machache kwenye toroli la Redio, na Redio asimame dirishani asome. Ni kile kile walichokuwa wanafanya zamani, tofauti ni kwamba sasa kilihitaji kufichwa. Kiberiti ndiye aliyetupa mengi kuliko wote. Jioni toroli la Redio lilikuwa na mashuka ya kutosha, Dada akaandika, karatasi ikapanda ngazi na Meneja akaridhika.

Ingekuwa ni Meneja peke yake, angeridhika mpaka leo.

Wiki kadhaa zikapita hivyo. Jioni moja Dada alisimama kwenye toroli la Redio kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akainama. Akapitisha kidole kwenye mapindo, juu mpaka chini, polepole. Kiberiti alikuwa anafunga kitambaa chake kichwani ili aondoke, na mikono yake ikakwama hewani.

Kwa mtu wa juu shuka lililokunjwa ni shuka lililokunjwa. Lakini kila mkono una mwandiko wake. Mama Mapacha huingiza kona ndani kabla ya kukunja mara ya pili. Yule msichana mpya hupinda kushoto. Kiberiti hubana pindo kwa kidole gumba, na gumba huacha alama ndogo ya mkunjo isiyoondoka mpaka shuka litandikwe. Mtu atayajua hayo akiwa amekunja na watu hao miaka na miaka, akiwa amecheka nao na kufiwa nao. Meneja angekaa mle chumbani mpaka ndevu zimfike magotini, asingeyaona.

Dada aliyaona. Akainua uso, macho yake yakakutana na ya mdogo wake. Akaandika kwenye karatasi yake, akatoka.

Usiku ule Kiberiti alilala vizuri sana. Ameona na amenyamaza, alijiambia. Koti ni koti tu, ndani yake ni Dada.

Asubuhi Redio akaitwa juu. Alishuka kuchukua kofia yake na vitabu vyake, akaviangalia, kisha akaviacha pale dirishani.

"Wanasema nimeiba," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kutofika upande wa pili wa chumba. "Wanasema nimeiba kazi za watu."

"Nani ameibiwa?" akafoka Mama Mapacha. "Nani hapa ameibiwa? Mimi nimempa! Mtu aliyepewa anaibaje?"

Redio akamuaga kila mmoja kwa kichwa, akatoka, mlinzi akimfuata nyuma kama kweli amebeba mali ya mtu ndani ya shati.

*

"Uliniona," akasema Kiberiti. Walikuwa kwenye stoo ya sabuni tena, na safari hii yeye ndiye aliyemwita Dada. "Jana uliniona nikikuona."

"Walisema hesabu za Redio haziwaingii akilini. Wakasema nichunguze. Nikachunguza."

"Ungesema hukuona kitu."

"Wangemleta mwingine, naye angeona zaidi."

"Nani?" Kiberiti akapiga gunia la sabuni kwa kofi, unga ukaruka. "Nani angeona? Niambie jina lake! Nani kule juu anayejua gumba langu? Walihitaji macho yetu, Dada, wakaazima ya kwako. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wakatafuta ya karibu, na hawakutafuta sana!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi."

Dada akafuta unga kwenye koti. Aliposema tena, alisema kwa huruma ile ile yake ya siku zote, na huruma hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

"Mengi mle ndani yalikuwa ya mkono wako. Kanuni inasema anayetoa na anayepewa waondoke wote. Nikawaambia sikutambua ni ya nani. Nimekuokoa, mdogo wangu, na hujui hata kushukuru."

Kiberiti alihisi kama amezabwa kibao. Kumbe yumo kazini kwa hisani. Kumbe tangu asubuhi amekunja mashuka kwa ruhusa ya mtu.

"Kwa hiyo kunyamaza unajua," akasema.

Akafungua mlango, akapita katikati ya meza mpaka dirishani, akachukua kitabu kilichokuwa juu. Kilikuwa kile kinene. Hakuwa msomaji. Aliishia shule ya msingi, na herufi ndogo zilimchanganya. Alifungua popote, akaanza kusoma kwa kudonoadonoa kama kuku, anakosea, anarudia. Lakini sauti ilikuwepo, tena ya hasira, na wenye masikio walisikia.

Dada alisimama mbele yake na karatasi.

"Rudi mezani."

"Nasoma."

"Toroli lako ni tupu."

"Andika."

"Kiberiti, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Nafanya mbele za watu kwa sababu wewe ulifanya kwa siri. Andika sifuri. Na ile kanuni yako, wapelekee yote: gumba lile ni langu, nilimpa Redio kila siku, na sitaki kuokolewa."

Ndipo Mama Mapacha alipoinuka na shuka alilokuwa amelimaliza. Akatembea mpaka kwenye toroli la Kiberiti, akalidondosha humo kwa kishindo, kadiri shuka linavyoweza kuwa na kishindo.

"Hili langu," akasema. "Nampa. Andika na hilo, msimamizi. Andika kwamba hajaiba, amepewa."

Akafuata mwingine. Akafuata yule msichana anayevuta kabla ya wakati, shuka lake kifuani. Hawakuja wote, tusidanganyane. Wengi waliinamisha vichwa wakakunja haraka kuliko siku zote, kila mmoja kwenye toroli lake, na nani atawalaumu, hata kama Kiberiti aliwalaumu mmoja mmoja kwa jina katika moyo wake. Chumba kikawa kimegawanyika pale mezani, na aliyekigawanya hakuwa na haja hata ya kushuka ngazi.

Dada akatazama toroli, akamtazama mdogo wake. Kalamu ilikaa juu ya karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaandika sifuri, na chini yake akaandika mengine, mistari kadhaa, kwa mwandiko wake mzuri. Karatasi ikapanda ofisini, na jioni mlinzi alimsindikiza Kiberiti mpaka langoni. Mama Mapacha walimwacha kwa onyo, maana bila mikono yake hoteli mbili zingelala bila mashuka.

*

Mama alikuwa ameketi na miguu ndani ya beseni la maji ya moto Dada alipoingia. Kiberiti alikwisha kumweleza yote. Alitegemea Mama atasema damu ni nzito kuliko maji, pataneni, mwombane radhi, mle. Alikuwa amejiandaa kukataa.

"Kaa," Mama akamwambia mkubwa. Akakaa. "Ulipomwandika mdogo wako, Meneja alikuwepo?"

"Hakuwepo, Mama."

"Alikuwa mlangoni?"

"Alikuwa safarini. Anarudi kesho."

"Basi mtu mwingine wa juu."

"Hakuwepo mtu. Tulikuwa sisi tu."

Mama akatoa mguu mmoja majini, akaukausha bila haraka.

"Mimi nimechongewa sana," akasema. "Katika nyumba zile za watu. Mpishi alinichongea nimevunja sahani, yaya akanichongea nimelala. Nilifukuzwa, mkalala njaa, mnakumbuka nyie. Na niliwasamehe wote. Unajua kwa nini? Kwa sababu kila mmoja wao alipofungua mdomo alikuwa na mwenye nyumba kasimama juu ya kichwa chake, na watoto wake wamesimama nyuma. Niliwaona. Kwa hiyo niliwasamehe hata kabla hawajaniomba." Akautoa mguu wa pili. "Wewe nataka kukusamehe, mwanangu. Nitafutie na wewe mtu. Nani alikusimamia?"

Dada aliangalia mlango, kama mtu huyo angeweza kuwa ameingia naye.

"Hakuna," akasema.

"Na kalamu ulishika wewe."

"Nilishika mimi."

"Ungeiweka chini ingekuwaje?"

Dada alifikiri. Hakuwa anajitetea tena, na hilo Kiberiti aliliona. Alikuwa anatafuta jibu kwa kweli, uso wake umekunjamana kama wa mtoto aliyeulizwa swali gumu shuleni.

"Sikujua kama inawezekana," akasema.

Kiberiti akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Alikuwa na matusi ya kutosha kujaza nyumba, aliyaokota njia nzima kutoka langoni, na sasa hakuna hata moja lililokuja. Yalikuja machozi, ya hasira, na yakamkasirisha zaidi.

"Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima, Dada, kila siku tulikunja bila mtu kumwandika mwenzake, na wewe ulikuwepo."

Mama akasukuma beseni pembeni kwa mguu, akamwambia mdogo ainue kiti, na mkubwa hakumpa ule msamaha.